Akwariomu ya maji ya chumvi ku Himbi: mbele ya kununua samaki, jua maji yako

Ku kartie Himbi, muji wa Goma, mutu anayefungua robine anapata maji ya ziwa Kivu. REGIDESO inayavuta kutoka ziwani, inayatia klorini, kisha inayasukuma ku makartie. Siku robine imekauka, maji ni yaleyale ya ziwa, ila yanakuja mu bidoni juu ya chukudu ao juu ya kichwa. Kwa mwenyi kufuga samaki mu sanduku la vioo, lile linaloitwa akwariomu, jambo hili moja linaamua karibu kila kitu: samaki gani wataishi, wale gani watakufa, na pesa gani itapotea bure.

Wapenzi wa samaki wanaulizana: je, hapa Goma mutu anaweza kufuga samaki wa bahari, wale wa rangi kali wanaoonekana mu televisheni, mu saloni yake? Inawezekana. Lakini ni kazi ya kufuga maji kwanza, samaki wanakuja nyuma. Na kwa wengi kuna njia ingine, ya bei ya chini, ambayo iko tayari ndani ya ile bidoni.

Chumvi ya bahari na chumvi ya jikoni ni vitu viwili

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi mu kila litri. Akwariomu ya litri 200 inaomba basi kilo 7 za chumvi siku ya kwanza. Na haiishi hapo, sababu kila juma inafaa kutoa sehemu ya maji machafu na kuweka mapya. Mwenyi kubadilisha litri 20 kwa juma anatumia gramu 700, ndiyo kusema karibu kilo 3 kwa mwezi.

Chumvi hiyo haiko ile ya kupikia. Ya jikoni ni sodiamu na klori, pamoja na iodi kidogo inayoongezwa juu ya ugonjwa wa goita. Ya bahari ina pia manyeziamu, kalsiamu, potasiamu na bikarbonati, na viumbe wa bahari wanazihitaji zote, zaidi sana matumbawe na konokono. Njo maana wafugaji wananunua chumvi maalum, iliyochanganywa kiwandani kwa ajili ya akwariomu. Kwenda kuchota maji ya bahari yenyewe ni ndoto: Mombasa iko mbali na Goma kwa zaidi ya kilometa 1000.

Kisha kuna mutego ambao wengi wanaoanza wanaangukia ndani. Kila siku maji yanapungua mu akwariomu, sababu yanapanda hewani kama mvuke. Chumvi yenyewe haipandi, inabaki. Mutu akiona maji yameshuka, akaongeza maji mengine ya chumvi, chumvi inazidi siku kwa siku mpaka samaki wanalala ubavu. Maji yaliyopungua kwa mvuke yanarudishwa na maji baridi, yasiyo na chumvi. Yale tu yaliyotolewa kwa ndoo njo yanarudishwa na maji ya chumvi. Na mutu hapimi kwa ulimi: kuna kipimo kidogo cha mukono, refraktometa, ambacho kinaonyesha chumvi ni ngapi kwa tone moja la maji.

Bado swali: yale maji baridi ya kuchanganyia chumvi yatoke wapi? Wafugaji wa ng'ambo wanatumia chujio kali sana linaloacha maji matupu, bila kitu ndani. Chujio hilo linahitaji robine yenye nguvu, na kwa kila litri moja safi linatupa litri kadhaa. Mu muji ambamo mama anasimama foleni na bidoni yake, hesabu hiyo haiko rahisi kuielezea jirani. Maji ya mvua yanavutia, lakini yanapita juu ya mabati, na zinki inayotoka ku mabati ni sumu kwa viumbe wa bahari hata ikiwa kidogo sana. Tena Goma ina volkano mbili karibu, Nyiragongo na Nyamulagira. Moshi wao unaweza kufanya mvua iwe kali kama siki na kuitia floridi. Mvua ya pahali pengine inaweza kuwa safi. Ya Goma, pima kwanza.

Kivu nayo ina chumvi yake

Watu wanasema Kivu ni maji baridi, na kwa kulinganisha na bahari ni kweli. Lakini litri moja ya maji ya juu ya Kivu ina karibu gramu 1 ya chumvi mbalimbali, zaidi sana bikarbonati na manyeziamu. Chumvi hizo zinatoka chini, mu chemchemi zinazopita ndani ya mawe ya volkano. Kile kipimo kinachoitwa pH, chenye kuonyesha kama maji ni makali upande wa limau ao upande wa magadi, kinasimama karibu na 9 mu Kivu. Katikati ni 7. Basi Kivu iko upande wa magadi, hata kupita bahari yenyewe, ambayo iko ku 8 na kidogo.

Sasa mwangalie muto Ruzizi. Unatoka Kivu pale Bukavu, unashuka mpaka Uvira, unaingia Tanganyika, na sehemu kubwa ya chumvi zinazoingia Tanganyika zinabebwa na muto huo. Ndiyo kusema samaki wa Tanganyika, wale wa mawe ya Uvira, Kalemie na Moba, wamezoea maji ambayo ni ndugu ya maji ya Kivu. Samaki hao njo wanaotafutwa na wafuga samaki wa dunia nzima. Mubelgiji Pierre Brichard aliwavua na kuwatuma ng'ambo kutoka Bujumbura kwa miaka mingi, na mwaka 1978 alitoa kitabu kizima juu yao. Mpaka leo kuna watu Ulaya ambao wananunua bikarbonati na chumvi ya manyeziamu, wanapima kwa kijiko, wanachanganya ndani ya maji yao, ili wapate maji yanayofanana na yale ambayo mukaaji wa Himbi anaogea.

Kwa hiyo mwenyi kutaka akwariomu yenye rangi na yenye chumvi kidogo, bila kuagiza kilo za chumvi, aanze na samaki wa Tanganyika mu maji ya Kivu. Kuna wadogo wa urefu wa kidole wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono na kuyagombania kama mashamba. Kuna Tropheus, wanaokwangua majani ya kijani juu ya mawe. Hao usiwape nyama, tumbo linawavimba na wanakufa. Wanahitaji joto la digri 24 mpaka 27, na Goma usiku ni baridi, kwa hiyo kifaa cha kupashia maji hakiepukiki.

Sumu isiyoonekana

Ubaya wa maji ya magadi ni huu. Samaki anatoa uchafu, zaidi kupitia mashavu yake, na uchafu huo ni amonia. Chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia pia. Ndani ya maji, amonia iko na sura mbili: moja haina hatari kubwa, ingine inaunguza mashavu ya samaki. pH njo inayoamua sura gani inatawala. Kwa joto la digri 25, maji yakiwa ku pH 7, sehemu ya sumu haifiki hata 1 kwa 100. Ku pH 8 ni kama 5 kwa 100. Ku pH 9, pale Kivu iko, ni karibu 36 kwa 100.

Maana yake ni kwamba uchafu uleule, kijiko kilekile cha chakula cha kuzidi, kinaweza kupita bila madhara mu akwariomu ya pahali pengine, na kuua samaki wote mu akwariomu ya Himbi. Mashauri mengi ya mu vitabu yaliandikwa kwa watu wenye maji laini. Musomaji wa Goma ayapunguze kwa nusu: samaki nusu, chakula nusu.

Kuna na ajali ingine ya aina hiyo. Mutu amekaa miezi anaongeza maji ya mvua tu, pH imeshuka polepole, amonia imejikusanya mu sura yake ya upole. Siku moja robine inatoka vizuri, anafurahi, anabadilisha nusu ya maji kwa mara moja. pH inaruka, ile amonia ya upole inageuka sumu, na jioni samaki wanahema juu ya maji. Watu watasema REGIDESO imeua samaki. Klorini inaweza kuwa na sehemu yake, lakini sababu kubwa ni ule uchafu wa zamani. Mwenyi kuwa mu hali hiyo abadilishe litri 10 leo, 10 kesho kutwa, mpaka maji yarudi sawa.

Wadudu wadogo wanaofanya kazi usiku na mchana

Anayeondoa amonia ni bakteria, wala siyo dawa. Kundi la kwanza linakula amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linakula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka kiasi fulani. Bakteria hao wanaishi juu ya mawe, mu muchanga na zaidi mu sponji ya chujio. Wanahitaji juma 4 mpaka 6 kwa kuzaana na kutosha. Akwariomu iliyojazwa leo na kuwekwa samaki 10 kesho haina bakteria. Kila siku inayopita ni siku ya sumu. Ni vema kuijaza, kuwasha chujio, kutia chakula kidogo kioze, na kungoja, hata kama watoto wanalia samaki wako wapi.

Hapa Goma ina bahati yake. Jiwe jeusi la lava, ambalo watu wanajengea kuta na kutupa mabaki barabarani, liko na matundu madogo mengi sana ndani, na kila tundu ni nyumba ya bakteria. Wafuga samaki wa nchi zingine wananunua mawe hayo dukani. Chagua yale yasiyo na kutu wala mafuta ya gari, yaoshe na brosi bila sabuni, yachemshe, basi.

Klorini ndiyo adui wa bakteria hao, na ya mashavu ya samaki pia. Maji ya robine yaache mu pipa wazi kwa masaa 24, pampu ndogo ya hewa ikiyakoroga, mbele ya kuyamimina. Chunga zaidi maji yaliyopita ku vituo vya klorini kando ya ziwa, ambako dawa inatiwa kwa sindano ndani ya bidoni juu ya kolera. Dozi hiyo imepangwa kwa kumulinda mutu, na inafaa kubaki vile kwa maji ya kunywa. Kwa samaki ni nyingi. Na sponji ya chujio haioshwi chini ya robine: isuuze mu ndoo ya maji yaliyotoka mu akwariomu yenyewe. Ndoo hiyo, na bidoni ya samaki, zisirudi tena kwa kazi ya maji ya kunywa.

Kazi ya kila juma ni ndogo ikifanywa kila juma. Siku ya posho, kwa mufano: pima amonia na nitriti kwa vipimo vya matone, zote mbili lazima ziwe 0, pima nitrati, isipite miligramu 40 kwa litri, na chini zaidi kwa akwariomu ya bahari, toa litri 20 mpaka 40 mu zile 200 huku ukivuta uchafu wa chini kwa mupira, rudisha maji ya pipa yenye joto sawa. Andika namba mu daftari. Daftari ya miezi miwili inaonyesha shida mbele ya samaki kuionyesha.

Umeme ukikatika

Goma iko ku meta 1500 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na maji pia yanashika oksijeni kidogo. Kwa digri 25, maji baridi ya usawa wa bahari yanashika karibu miligramu 8 za oksijeni kwa litri. Hapa ni kama 7. Maji ya bahari yenye chumvi yote yanashika chini zaidi, hapa hayafiki hata 6. Samaki wa Goma basi anaishi bila akiba kubwa. Pampu ikisimama usiku, mutu halali vizuri.

Mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, wakati wa mapigano, muji ulikaa siku kadhaa bila umeme na bila maji ya robine. Hata nje ya vita, kukatika kwa masaa ni kawaida. Hesabu inasaidia hapa. Betri ya volti 12 na ampea 100 ina wati-saa 1200, lakini betri ya risasi isimalizwe kupita nusu, basi hesabu 600. Chujio dogo na pampu ya hewa zinakula pamoja wati 20: zitatembea siku nzima. Kifaa cha joto cha wati 150 kitaimaliza betri hiyo kwa masaa 4. Kwa hiyo joto lisiwekwe juu ya betri. Funika sanduku kwa blanketi pande zote, maji yatapoa polepole. Na usiwape samaki chakula. Samaki mukubwa mwenye afya anavumilia siku kadhaa bila kula, lakini havumilii amonia.

Chujio la sanduku lililofungwa likikaa masaa mengi bila umeme, bakteria ndani wanakosa hewa na kuoza. Umeme ukirudi, usiliwashe moja kwa moja: lifungue, mwanga maji yake, suuza, ndipo uwashe.

Kupanga kuongeza

Karibu kila mutu, miezi michache ikipita, anataka sanduku kubwa zaidi. Wazo hilo haliko baya, sababu maji mengi yanabadilika polepole kuliko machache. Lakini pesa ya kwanza iende ku vipimo na ku pipa la akiba la litri 100. Pesa ya pili iende ku betri na pano ya jua. Chujio lenye nguvu ni la tatu. Sanduku jipya lingoje. Mwenyi kununua sanduku la litri 400 bila betri amenunua tu njia ya kupoteza samaki wengi kwa usiku mumoja.

Uzito nao wengi wanausahau. Litri 400 ni kilo 400, bila kuhesabu vioo na mawe ya lava. Nyumba ya mbao, kama zile nyingi za Goma, haibebi kilo 500 pahali pamoja bila musingi chini. Kisha ardhi yenyewe: Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22/05/2021, muji ulitetemeka siku nyingi na kuta zikapasuka. Meza iwe fupi, pana, ya chuma ao ya matofali, na chini ya kioo iwekwe tabaka la povu. Nyaya za umeme ziteremke chini ya prizi kisha zipande, ili tone la maji lianguke sakafuni mbele ya kufika ku umeme. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji baridi.

Mutu ambaye daftari yake imekaa mwaka muzima na amonia 0, ambaye betri yake imeshapita ku kukatika kwa siku mbili, anaweza sasa kufikiria samaki wa bahari. Atahitaji chumvi ya kiwanda, refraktometa, chujio la maji matupu na kile kifaa cha povu kinachovuta uchafu mbele ya kuoza. Aanze na samaki wawili wagumu, matumbawe yangoje.

Maji ya zamani yaende wapi? Ya akwariomu ya Kivu ni mazuri kwa mimea, nitrati ni mbolea. Tumia kidogo kidogo ku sombe na ku maua. Ya bahari yataua bustani, basi yamwage pahali pasipo na mumea wala kisima.

Samaki wenyewe wasimwagwe ziwani, hata kama mwenyewe anahama na hana pa kuwaacha. Kivu ina aina chache za samaki, na kati yao 15 hivi za haplokromi hazipatikani pahali pengine duniani. Sambaza, ambaye leo anakaangwa ku kila soko la Goma na Bukavu, aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa kusudi. Mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana mu Kivu mwaka 2006 bila mutu kutangaza amemuleta, na sasa wanagombania chakula na sambaza. Mwenyi kuhama awape mufugaji mwenzake, ao arudishe kwa aliyemuuzia. Samaki aliyekufa azikwe mu bustani.